Kujitolea kwenye tamasha la maigizo: mlangoni au nyuma ya jukwaa?

Kazi ya mlangoni hujifunzwa upesi. Unakagua tiketi, unaonyesha watu viti, unajua milango ya dharura iko wapi. Kasheshe ni waliochelewa: mtu kalipa, anafoka, nawe huna budi kumzuia mpaka onyesho lifike mahali ambapo kuingia kwake hakutavuruga waigizaji. Zamu zenyewe ni fupi, na mara nyingi milango ikishafungwa unaruhusiwa kusimama nyuma ukatazama.

Nyuma ya jukwaa ni habari nyingine. Unavaa nguo nyeusi, simu umezima, unasubiri ishara ya meneja wa jukwaa bila kukohoa. Kuna meza ya vifaa vya waigizaji, imetandikwa karatasi na kuchorwa mipaka ya kila kitu: hapa barua, hapa kisu, hapa taa. Ukiona nafasi tupu kabla ya onyesho, unajua papo hapo kinachokosekana. Na kwa kuwa ni tamasha, kundi moja likitoka jingine linaingia. Mandhari yote hubomolewa na kupangwa upya haraka haraka. Ufundi unajifunzia hapo hasa. Mchezo wenyewe utausikia tu, labda na kuona migongo ya waigizaji.

Mwenye jioni moja moja achague mlangoni. Anayeitamani fani hii, au asiyependa kuzozana na watu, mimi ningempeleka nyuma, ila asikose mazoezi ya mwisho: kubeba meza gizani mahali usipopajua ni kujitafutia kuvunjika mguu.