Wakala wa Ajira Mtwara Mjini: Watumishi Wameongezeka, Bango Bado Linapotosha

Wakala wa ajira wa hapa Mtwara mjini, ambao kwa muda mrefu ulikuwa na watumishi wachache waliopokea wasifu wa waombaji na kuufungia kwenye majalada, sasa umeajiri maofisa zaidi, wengi wao vijana wa mkoa huu huu. Mwombaji haambiwi tena aache karatasi na kusubiri simu, bali huketi na ofisa anayemuuliza amesomea nini, amewahi kufanya kazi gani na yuko tayari kwenda wapi. Nimemwona mmoja wao akiwafafanulia akina mama wabanguaji wa korosho masharti ya kazi kwa Kimakonde, wakamwelewa.

Nilimsindikiza mpwa wangu, fundi umeme aliyehitimu VETA. Kabla hajatia sahihi, ofisa alimsomea mkataba kipengele kwa kipengele: muda wake, saa za kazi, malipo ya ziada, na mchango wa NSSF, ambao ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri hawezi kumtwisha mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Vijana wetu wengi hutia sahihi kwanza na kuuliza baadaye, kwa hiyo kwangu mimi hii ndiyo huduma yenyewe, na isingewezekana ofisa mmoja akiwa na foleni ya watu hadi barazani. Hakutozwa chochote, na ndivyo inavyostahili, kwa kuwa Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza kimsingi mawakala kumtoza mtafuta kazi.

Lililoniudhi ni bango la nje. Linatangaza "ajira mpya" za ubanguaji, upakiaji wa shehena bandarini na ulinzi kana kwamba zote ni za aina moja, ilhali minada ya korosho huanza Oktoba na shughuli za maghalani hupungua msimu unapokwisha. Mtu anayefunga genge lake Chikongola ili ajiunge na kazi hizo ana haki ya kulijua hilo akiwa bado amesimama mbele ya bango, si baada ya usaili. Msimamizi alinisikiliza kwa heshima, lakini bango halijabadilishwa.

Anayekwenda abebe vyeti halisi na namba ya NIDA, na swali lake la kwanza liwe kama kazi hiyo ni ya msimu.