TAHADHARI: Dawa nyeusi ya "kung'oa uvimbe" wa jicho la farasi na punda, msiinunue

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, wenye farasi, wenye punda wa gari, na nyinyi wafugaji wa ng'ombe pia, maana yamo ya kukuhusuni.

Kuna mtu anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp akiuza dawa nyeusi ya kupaka, iko ndani ya kikopo cha plastiki kinachoenea kiganjani. Anasema inang'oa uvimbe "pamoja na mizizi yake". Bei 150,000, na 10,000 ya kuletewa. Kama ameshakutumia picha, au umeshalipa, au kikopo unacho mkononi sasa hivi, nakuomba usikipake karibu na jicho la mnyama yeyote. Yaliyomfika farasi wetu nayaeleza hapa kama yalivyokuwa.

Mie natunza farasi wa kupandisha wageni ufukweni, upande wa Kendwa. Jike wetu mmoja, tunamwita Marjani, wa hudhurungi mwenye nyota nyeupe kwenye paji, alianza kutoa kinyama juu ya kope la jicho la kushoto mwisho wa kaskazi. Mwanzo kilikuwa kama chunjua, kikavu, hakizidi punje ya mbaazi. Baada ya wiki sita kimekuwa kikubwa kama tunda la zambarau, kimepasuka juu, kinatoka damu kila akijisugua kwenye nguzo, na nzi hawabanduki. Daktari wa mifugo tuliyemzoea alikuwa amesafiri. Nikaogopa, na mwenye hofu hudanganyika upesi.

Nilimtumia muuzaji picha moja ya simu, usiku. Hazikupita dakika tano akajibu: hiyo ni saratani, usipowahi jicho limekwenda, dawa ninayo. Hakuuliza umri wa farasi. Hakuuliza kinyama kimeanza lini, wala kama anavyo vingine kifuani au ndani ya mapaja. Akanimiminia picha za "kabla na baada". Siku nilipozirudia kwa utulivu, maji yakiwa yameshamwagika, niliona jambo ambalo mtu anayeshinda na farasi alipaswa kuliona papo hapo: kwenye picha ya kwanza nyota ya paji inateremka mpaka karibu na pua, kwenye ya pili imekatikia baina ya macho. Nyota ya farasi haihami. Ni farasi wawili tofauti, na yule wa pili sidhani kama amewahi kuumwa jicho.

Maelekezo yake yalikuwa kupaka asubuhi na jioni kwa siku tano, "akihangaika ujue inafanya kazi", na daktari asiguse chochote mpaka gamba lianguke. Neno hilo la daktari asiguse ndilo lililonigharimu, kwa sababu nililitii.

Siku ya kwanza Marjani alitupa kichwa usiku kucha. Siku ya tatu kope limevimba mpaka jicho halionekani. Siku ya sita gamba jeusi lilianguka asubuhi ndani ya ndoo ya maji, nikafurahi, nikasema alhamdulillah limetoka. Nilipomsafisha kwa kitambaa cha maji ya chumvi ndipo nikaona kwamba kipande cha kope pamoja na nywele zake kimeondoka pamoja na gamba. Farasi akitaka kupepesa, jicho linabaki wazi katikati, kama mlango uliokatwa ubao mmoja. Kufika jioni pametokea doa jeupe mbele ya jicho. Nikampigia muuzaji. Kwanza alisema nimepaka vibaya. Kisha akasema ninunue kikopo cha pili. Kisha akanifungia.

Daktari alipofika alilowesha kikaratasi chenye wino wa rangi ya chungwa, akakigusisha jichoni. Wino ulipotapakaa, palepale penye doa pakawaka kijani. Hapo, alisema, kioo cha jicho kimechubuka, kwa sababu kope halifuniki tena na jicho linakauka. Akaanza na jicho kabla ya uvimbe: matone ya antibayotiki kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, atropini ya kupunguza maumivu ya ndani ya jicho, na kope likashonwa kwa muda kulifunika. Akatuonya jambo ambalo wengi wetu tunalifanya bila kujua. Yale matone ya macho yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu, tuliyonayo majumbani yasiguswe jicho likiwa na kidonda, maana yanadhoofisha uponaji na kidonda kinaweza kutoboka.

Uvimbe wenyewe, kwa alivyouona, ni sakoidi. Ndio uvimbe wa ngozi unaowapata farasi zaidi kuliko wowote, na punda na nyumbu nao huupata. Unahusishwa na virusi vya chunjua za ng'ombe, aina ya 1 na ya 2, na nzi wanashukiwa kuvihamisha kutoka mnyama hadi mnyama. Ndiyo maana niliwataja wafugaji wa ng'ombe. Hauendi kwenye mapafu wala ini, lakini pale ulipo unachimba, na ukichokozwa nusunusu hukasirika ukarudi mkubwa zaidi. Wetu umerudi. Sasa ni mwekundu, una nyama mbichi, na umeshafika pembe ya jicho.

Tena si kila kinyama cha jicho ni sakoidi. Farasi mwenye ngozi ya waridi isiyo na rangi pembeni mwa macho anaweza kupata saratani nyingine ya ngozi inayoletwa na jua, na hiyo inaweza kutembea mpaka kwenye tezi. Na kuna kidonda cha pembe ya ndani ya jicho kinachosababishwa na viluwiluwi vya minyoo wanaoletwa na nzi. Hicho si uvimbe kabisa, na ivamektini, dawa ya minyoo, hukisaidia. Mambo matatu, na kwenye picha ya simu yote yanafanana. Anayekwambia jina la ugonjwa kwa picha moja ya usiku anakisia, na gharama ya kukisia kwake ni jicho la mnyama wako.

Kuhusu dawa yenyewe. Daktari alisema ule ni mwunguzo wa kemikali. Dawa nyeusi za namna hii zinazouzwa duniani kwa kawaida huwa na zinki kloridi na mmea wa Amerika ya Kaskazini uitwao sanguinaria. Zinaunguza nyama. Muuzaji anasema inachagua nyama mbovu na kuiacha nzima, na huo ni uongo, kwa sababu kinachounguza hakina macho. Mgongoni au pajani ngozi ni nene na farasi anaweza kubaki na kovu tu. Kope ni ngozi nyembamba kama karatasi, na nyuma yake kuna jicho. Hata zile krimu za sakoidi zinazotumiwa na madaktari Uingereza, karibu na jicho hupakwa na daktari mwenyewe, si mwenye farasi.

Tiba zipo, ndugu zangu, nisije nikakatisheni tamaa. Kwa sakoidi ya pembeni mwa jicho hutumika sindano ya BCG, chanjo ileile ya kifua kikuu wanayochomwa watoto wetu wakizaliwa. Huchomwa ndani ya uvimbe, hurudiwa mara kadhaa kwa kupisha wiki kadhaa, na daktari humpa farasi dawa ya kuzuia mzio kwanza kwa sababu mwili unaweza kuikataa vibaya sana. Ipo sisplatini, dawa ya saratani ya kuchoma ndani ya uvimbe, ambayo ni sumu hata kwa anayeichoma. Ipo krimu ya 5-FU, nayo ni dawa ya saratani, ya kupaka. Upo ugandishaji kwa baridi kali, na huko Ulaya wanatumia pia mionzi. Kukata peke yake mara nyingi haitoshi, unarudi. Zote hizi zinataka kinyama kiwe kidogo bado. Tungemsubiri daktari siku kumi zile alizokuwa safarini, Marjani angekuwa na uvimbe mdogo zaidi wa kutibu na kope zima.

Kwa hiyo, ukiona kinyama jichoni, mfunike mnyama kwa barakoa ya wavu au hata kitambaa chepesi nzi wasimfikie, usikikwangue, usikifunge uzi, piga picha kila wiki ukiweka sarafu pembeni ili ukuaji uonekane, umpigie daktari au ofisi ya mifugo ya wilaya yako. Ukiuziwa dawa, tafuta jina la mtengenezaji, viambato, tarehe ya kuisha na namba ya usajili. Kikopo chetu hakikuwa na hata kimoja kati ya hivyo, ila kibandiko cha kichwa cha farasi.

Jamaa anabadilisha namba na jina. Mwenzetu mmoja mwenye punda wa gari alinionyesha juzi ujumbe uleule, picha zilezile, nyota ileile inayohama, ila jina jipya. Alikuwa ameshatuma pesa.

Marjani bado analiona jua kwa jicho hilo, analikwepa ukimtoa mchana. Tunamtembeza alfajiri tu, na matone tunaendelea.

Kikopo ninacho, nimekifunga mara mbili kwenye mfuko na kukiweka juu ya kabati la matandiko, pamoja na risiti ya malipo na mazungumzo yote niliyoyachapisha. Jumatatu navipeleka ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa Zanzibar, na polisi. Kama nawe umeuziwa, usikitupe chako. Niandikie kabla ya siku hiyo twende pamoja.