Ngozi ya ndama, dhahabu na lapis halisi: nimevitumia vyote, hela yako iende wapi kwanza

Nianze na jibu kabisa. Kama unataka kutengeneza ukurasa wa maandishi ya mkono wenye nakshi za dhahabu, kwa vifaa vilevile walivyotumia waandishi wa Ulaya miaka 600 au 800 iliyopita, na hela yako inatosha kitu kimoja tu cha ukweli, nunua ngozi. Watu wengi wanakimbilia dhahabu, wengine ile bluu ya lapis, jiwe la bluu linalosagwa kuwa rangi, ila mi nimetumia vyote na nakwambia ngozi ndo inayobeba kazi nzima, dhahabu halisi ukiiweka juu ya karatasi ya dukani inang'aa sawa lakini ukurasa unabaki hauna uhai.

Ngozi yangu natoa kwa William Cowley wa Newport Pagnell, huku Uingereza, wapo kwenye kazi hii tangu 1870 na bado inafanywa kwa mikono. Sheria za Bunge la Uingereza zilikuwa zinachapwa kwenye ngozi ya ndama mpaka 2017 walipohamia karatasi na kuiacha ngozi kwenye majalada tu, kwahiyo sio kitu cha makumbusho, juzijuzi tu kilikuwa kinatumika kazini. Hii ngozi haitiwi dawa ya kulainisha kama ya viatu. Inalowekwa kwenye chokaa, manyoya yanatolewa, halafu inawambwa kwenye fremu na huku imekazwa mtu anaikwangua kwa kisu kilichopinda kama mwezi mwandamo mpaka inakuwa nyembamba, na inakauka hivyohivyo ikiwa imevutwa. Aliyewahi kumuona fundi akiwamba ngoma nusu ya habari anayo, tofauti kubwa ipo kwenye huko kukwangua.

Ikifika nyumbani bado haijawa tayari kuandikiwa. Unaisugua taratibu na unga wa jiwe lile la kusugulia miguu ili ipate vijinywele vidogo sana vya kushika wino na mafuta yaondoke, afu unaipangusa na unga mwepesi wa chaki. Upande uliokuwa na manyoya una umanjano kidogo na unaona vitundu vya vinyweleo, upande wa nyama ni mweupe na laini zaidi, na pande zote mbili zinaandikika. Raha yake sasa: kalamu ikipita unasikia inashika, mstari unatoka mkali pembeni, na herufi ukiikosea unasubiri wino ukauke unaikwangua kwa kisu kikali, unalainisha, unaandika tena, karatasi haiwezi kukupa hiyo. Bei imechangamka, ngozi nzima ya ndama ni hela ya kufikiria mara mbili, ila ulizia vipande vinavyobaki baada ya kukata, kwa kujifunzia vinatosha kabisa na ubora ni uleule.

Hapo kwenye kununua muwe macho. Kuna muuzaji mmoja wa onlaini niliagiza kwake seti iliyoandikwa "vifaa vya zama za kati", ndani ngozi ilikuwa karatasi iliyotiwa rangi ya chai na dhahabu ilikuwa shaba nyembamba ambayo baada ya muda ikaanza kuwa nyeusi. Dhahabu ya ukweli haifanyi hivyo, vitabu vya karne ya 13 ukiviangalia leo pale British Library dhahabu yake bado inarudisha mwanga. Ukinunua soma karati, iwe 23 kwenda juu, na uulize kama ni majani membamba yaliyo huru au imeshikizwa kwenye karatasi, ile isiyoshikizwa ndo inayotoa mng'aro wa juu kabisa japo ukipumua vibaya inaruka.

Mi dhahabu na jeso, ile plasta inayopakwa chini ya dhahabu, nanunua L. Cornelissen & Son, Great Russell Street London, karibu na British Museum, duka lipo tangu 1855 na ukuta mzima ni mitungi ya kioo ya rangi za unga, mpenda rangi ukiingia pale usiwe na haraka. Ila nataka nikae kidogo kwenye jeso kwasababu watu wanadhani dhahabu ndo kazi, wakati kazi ni kilicho chini yake. Jeso ya kizamani ni plasta iliyokorogwa na maji mengi kwa muda mrefu mpaka imepoteza nguvu ya kuganda, gundi ya samaki au ya ngozi, sukari au asali, unga mweupe wa madini ya risasi, na udongo mwekundu kidogo wa kukuonyesha ulipopaka. Unaipaka kwa unyoya ikiwa nzitonzito, inatuna juu ya ngozi, inakauka, unaikwangua iwe laini. Sasa hiyo sukari au asali ndo siri, inavuta unyevu. Unachukua kibomba kidogo cha karatasi unapuliza pumzi ya moto juu ya jeso, ile pumzi inaamsha gundi, hapohapo unalaza jani la dhahabu, unalikandamiza kupitia karatasi laini, halafu unasugua na jiwe la akiki lililochongwa umbo la jino la mbwa, na kweli zamani walitumia meno yenyewe ya mbwa na wanyama wengine. Taratibu mwanzo, halafu kwa nguvu. Kwakuwa jeso imetuna, dhahabu inakaa mgongo, ukigeuza ukurasa mwanga unatembea juu yake. Hakuna rangi ya kopo wala kalamu ya dhahabu ya dukani itakupa hicho kitu, hapa sibishani na mtu.

Tatizo ni hewa. Kukiwa na hita imewashwa chumba kinakauka na jeso inagoma kushika hata upulize vipi, kwahiyo watu wanafanya alfajiri au wanachemsha birika chumbani kwanza. Hili kwenye maelezo ya paketi mara nyingi halipo na ndo linalowakatisha tamaa wanaoanza.

Lapis natumia ya Kremer Pigmente wa Ujerumani, kampuni ya Georg Kremer, ipo tangu 1977. Jiwe linatoka Badakhshan, Afghanistan, kulekule lilikotoka enzi hizo. Kulisaga tu hakutoshi maana linatoka kijivu, hivyo unga unachanganywa na nta, utomvu wa msonobari na mafuta, unakandwa kama donge, afu donge linakandwa ndani ya maji ya majivu na bluu inadondoka chini huku uchafu unabaki kwenye donge. Bluu ya kwanza ndo bora, ya mwisho ni kijivujivu. Ndo maana gramu 10 za daraja la juu zinapita paundi 100. Ni nzuri? Ni nzuri sana, ina kina na chembe zake unaziona. Ila haina ulazima! Ile bluu ya Injili za Lindisfarne, kitabu maarufu cha maandishi ya mkono cha Uingereza cha kama mwaka 700, kwa muda mrefu watu waliamini ni lapis, uchunguzi ukaja kuonyesha ni rangi ya mmea, nili. Kwahiyo anayeanza anunue nili, achanganye na ute wa yai uliopigwa povu ukaachwa usiku kucha utulie, na atakuwa ndani ya mila kabisa. Hata misahafu ya Siyu kule kisiwa cha Pate ina nakshi za kukuacha mdomo wazi, na zaidi ni nyekundu, nyeusi na manjano.

Wino na kalamu nitapita haraka kwasababu ni rahisi na vya bei ndogo. Vifundo vya mwaloni, vile vinavyoota nyigu akitaga mayai kwenye mti, unavivunja unaviloweka, unatia salfeti ya chuma na gundi ya mgunga, nyingi inatoka Sudan. Unaandika unatoka umepauka halafu unaiva kuwa mweusi mbele ya macho yako. Unyoya wa bata bukini unaukausha kwenye mchanga wa moto ugumu ndo unauchonga. Asikwambie mtu kalamu hizi ni za maonyesho, Biblia ya Saint John's iliyoagizwa 1998 kwa Donald Jackson, fundi wa kuandika herufi kwa mkono, na kumalizika 2011 imeandikwa yote kwa kalamu za unyoya kwenye ngozi ya ndama.

Kitu kimoja ambacho sikishauri ni sumu. Risasi nyeupe, manjano ya aseniki, nyekundu ya zebaki, zote zinauzwa na zote zinapendeza, lakini kama una watoto nyumbani au unafanyia kazi meza ya jikoni achana nazo. Jeso ipo inayouzwa bila risasi, mng'aro unapungua kidogo sana. Hata kwa vitu visivyo na sumu hizo, ukikwangua jeso vaa barakoa na usilambe brashi kuichonga ncha.

Walioko Mombasa, Zanzibar au Dar, dhahabu na rangi ni paketi ndogo zinasafiri vizuri, ngozi ya mnyama ulizia kwanza forodha na watu wa mifugo kabla hujalipa. Na kwa unyevu wa pwani jeso itashika dhahabu upesi kuliko huku, ila ngozi itajikunja, kwahiyo ibane kwenye ubao pande zote nne kabla hujaandika herufi ya kwanza.