Picha ya Pande Tatu Kabla ya Kipandikizi cha Jino: Uzoefu Wangu

Nilikuwa na pengo la gego la chini kwa muda mrefu kabla ya kuamua kuwekewa kipandikizi, yaani skurubu ya titaniamu inayopandwa kwenye mfupa wa taya ili ishike jino bandia, katika kliniki moja ya meno huku Upanga, Dar es Salaam. Huduma ninayotaka kuieleza ni upigaji picha uliotangulia upasuaji, kwa kuwa ndio ulioamua karibu kila kilichofuata.

Kwanza nilipigwa eksirei ya kinywa kizima, ile ambayo mtu husimama ameuma kijiti cha plastiki huku mashine ikimzunguka kichwani. Kwa macho yangu mfupa ulionekana wa kutosha. Daktari alinieleza, hata hivyo, kwamba picha hiyo hukuza vitu kuliko vilivyo, na kwamba huonyesha kimo cha mfupa bila kuonyesha unene wake kutoka upande wa shavu hadi upande wa ulimi, ilhali jino likishang'olewa mfupa wa mahali pale huanza kusinyaa, hasa kwa unene. Kwa hiyo akaagiza picha ya pande tatu.

Hapo ndipo niliporidhika kabisa. Alinikalisha mbele ya kompyuta, akapitia taya langu kipande kwa kipande, hadi tukaona mfereji wa neva kama kiduara cheusi chini ya pengo. "Hapa mama, hatupasogelei," alisema, akapima na kuacha zaidi ya milimita 2 kati ya mfereji huo na ncha ya skurubu ya titaniamu, kwa sababu neva ikijeruhiwa, mdomo wa chini na kidevu vinaweza kufa ganzi, pengine moja kwa moja. Kipandikizi alichokusudia mwanzoni akakiacha, akachagua kifupi zaidi.

Nilipomuuliza kuhusu mionzi, hakunificha kwamba picha hii hutumia mionzi mingi kuliko ile ya kwanza, ingawa kwa kawaida ni pungufu ya CT ya hospitalini, ile mashine kubwa ya eksirei inayopiga mwili picha za vipande vipande, na kwamba ndiyo maana alipiga sehemu inayohusika tu. Jibu hilo lilinipa imani kubwa.

Lililonikera ni kwamba gharama ya picha ya pili niliijua nilipofika dirishani kulipa, jambo ambalo mgonjwa anastahili kuambiwa mapema, tena kwa maandishi. Nakala ya picha, kwa upande mwingine, nilipewa kwenye CD bila kuiomba, pamoja na programu ya kuifungulia.