Bakteria wa udongo kwa shamba la Mombasa: ununue ipi kwanza?

Udongo wetu wa Likoni na Kisauni una mchanga mwingi. Ikipiga mvua moja kubwa ya masika, mbolea ya yurea uliyomwaga jana imeshazama mbali na mizizi. Ndiyo maana pesa yangu ya kwanza naiweka kwa bakteria.

1. Raizobia, ukipanda pojo, njugu au soya. Hii haina mshindani. Bakteria hawa huingia mizizini, wakajenga vifundo na kuigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Hapa Kenya inayojulikana zaidi ni Biofix, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Ni unga mweusi. Gramu 100 zatosha mbegu kilo 15 hivi. Soma jina la zao kwenye pakiti, kwa sababu bakteria wa maharage hawaisaidii pojo. Kunde nayo huwakubali bakteria wengi waliomo udongoni tayari, kwa hivyo usianze nayo kama mfuko ni mwepesi.

Kabla ya kulipa, uliza pakiti imewekwa wapi. Hawa ni viumbe hai, na jua la Mombasa halina huruma. Mwaka mmoja nilinunua pakiti iliyokuwa imeanikwa dirishani mwa duka. Nilipong'oa pojo zangu sikuona hata kifundo kimoja. Tangu siku hiyo nachukua ya kabatini penye baridi, na tarehe ya mwisho naisoma mwenyewe. Nyumbani changanya na mbegu kivulini, upande siku hiyo hiyo, na yurea uiache: mmea ulioshiba naitrojeni haujengi vifundo.

Wiki ya tano au ya sita, chimbua mche mmoja taratibu, usiuvute. Pasua kifundo kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu kama nyama mbichi, kazi inafanyika. Kikiwa cheupe au kijani, hakizalishi kitu.

2. Basilasi (Bacillus subtilis), kwa nyanya, biringani na pilipili. Hukaa kwenye mizizi na kuwabana vimelea wa magonjwa. Spora zake, yaani chembe ngumu anazojihifadhi ndani yake, hustahimili joto, kwa hivyo dukani haiharibiki upesi kama raizobia. Lakini ni kinga: nyanya iliyokwisha kunyauka haitafufuka. Ikiuzwa kama dawa ya magonjwa, tafuta namba ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya inayosajili dawa za wadudu na magonjwa ya mimea. Maji ya mfereji ya kuichanganyia yaache wazi usiku kucha ili klorini, dawa ya kuua vijidudu, ipungue.

Trikoderma inayowekwa kando yake dukani ni kuvu, si bakteria. Ni nzuri pia.

3. Chupa za mchanganyiko wa vijidudu. Nyingine zinafaa kuharakisha mboji. Ile isiyotaja aina ya bakteria, idadi yao wala tarehe, irudishe kwenye rafu. Pesa hiyo nunua gunia la samadi iliyooza vizuri, maana hata bakteria bora hawadumu kwenye mchanga mtupu.