Sensa ya presha ya mafuta (petroli) kwenye injini yangu ya 1JZ: nzuri kwa bei yake, ila isikae juu ya injini

Hii sensa nimekaa nayo miezi saba kwenye Toyota GX100 yangu kwahiyo naongea kitu nilichokitumia, siyo cha kufungua boksi jana leo nasifia. Gari ilikuja na injini ya 1G, nikaitoa nikaweka 1JZ-GTE ya VVT-i, ile ya lita 2.5 yenye tabo moja (turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini). Wengi wetu tukishaswapu hela inaishia kwenye rimu na eksozi, upande wa mafuta tunaacha vilevile, na hapo ndo injini zinapofia. Pampu ya 1G iliwekwa kulisha injini ya lita 2 isiyo na tabo. Ukikanyaga tabo ikajaza, nozeli zinazopulizia petroli zinataka mafuta mengi kwa mkupuo, pampu ikizidiwa presha inashuka, hewa inakuwa nyingi mafuta kidogo, joto linapanda ndani ya silinda na pistoni inaliwa. Na wala husikii kitu cha ajabu, gari inalegea kidogo tu unadhani ni plagi. Kupimiwa gereji gari ikiwa silensa (inanguruma tu bila kukanyagwa) haisaidii, silensa hata pampu iliyochoka inaonekana nzima. Mimi nilitaka niione presha nikiwa barabarani na mguu uko chini.

Sensa yenyewe ni ya chuma kisichoshika kutu, 0 mpaka 100 psi (kipimo cha presha), waya tatu, mguu wa 1/8 NPT (aina ya nyuzi za kufungia), haina jina lolote la maana, nimeinunua 65,000 kwenye duka moja la spea hapa Mwanza mjini. Walikuwa nazo za 30, 100, 150 na 300, bei ileile, na kijana wa kaunta alikazana nichukue ya 300 eti ndo ngumu zaidi. Hapana jamani. Sensa za aina hii zinatoa volti 0.5 pasipo presha na 4.5 ikifika mwisho wake, yaani una volti 4 tu za kugawa. Ya 100 kila psi inapata volti 0.04, ya 300 inapata 0.013, hapo umeme wa koili za plagi ukiingilia kidogo tu namba inarukaruka hujui ushike ipi. Halafu piga hesabu unahitaji kiasi gani. Mimi nimeseti 43 hozi ya vakyumu ikiwa imechomolewa, tabo inasukuma 12, na regyuleta (kifaa kinachoshika presha ya mafuta) inaongeza psi moja kwa kila psi moja ya tabo, jumla 55. Hata mwenye kusukuma 30 anafika 73. Ya 100 inamtosha na nafasi inabaki. (Wenye 1JZ-FSE ile ya D4, inayopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, msinifuate hapa, pampu yenu ya juu ni presha nyingine kabisa, sensa kama hii kwenu inakaa upande wa laini inayotoka tenki tu.)

Kuna kitu kilinisumbua siku tatu nzima nikataka hadi kuirudisha dukani. Nimeunga waya, sensa iko mezani haijafungwa popote, inasoma chini ya sifuri, karibu psi 2. Nikapima kwa mita, volti 0.42 badala ya 0.5. Kumbe sensa ni nzima, ila hizi za bei yetu nyingi zimezibwa ndani kwa presha ya hewa ya usawa wa bahari, ambayo ni 14.7, na sisi huku ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa yetu ni kama 12.8. Tofauti ndo hiyo 1.9. Mtu wa Dar hataiona kabisa. Ukiwa na geji ya kawaida isiyoonyesha chini ya sifuri na wewe hutaiona, utaseti presha huku namba zote ziko pungufu kwa 2. Kwahiyo kabla hujaifunga iwashe ikiwa wazi, pima volti, hiyo utakayoipata ndo iandike kuwa sifuri yako. Baada ya hapo nimeilinganisha na geji ya mshale ya fundi, hazikupishana hata psi moja.

Sasa ufungaji, hapa nina uchungu. Mara ya kwanza gereji moja walinifungia tii ya shaba (kiungio cha njia tatu) kwenye reli ya nozeli, lile bomba linalozigawia mafuta, sensa ikasimama juu yake kama mti. Wiki tatu. Natoka Sengerema, nimeshavuka daraja la Kigongo-Busisi, nasikia harufu ya petroli, nikajipa moyo ni lori la mbele, kufika Usagara harufu imekuwa kali nikapaki nikafungua boneti: shingo ya ile tii imepasuka, petroli inatoka kama mvuke na tabo iko upande wa pili tu wa injini imewaka joto. Nilizima gari nikakaa pembeni na kizimamoto mkononi, miguu haina nguvu. Mke wangu na mtoto walikuwa ndani ya ile gari.

Nilipokuja kuitoa nikaelewa. Sensa ni nzito, shaba ni laini, injini inatikisika muda wote, shingo nyembamba ile lazima ichoke. Halafu tii yenyewe haikuwa NPT, ilikuwa BSPT, aina nyingine ya nyuzi. Kwa macho ni kitu kimoja, ila NPT ya 1/8 ina nyuzi 27 kwa inchi na BSPT ina 28, na pembe za nyuzi ni 60 kwa 55, inaingia mizunguko miwili mitatu inakaza unadhani imekaa, kumbe kilichokuwa kinazuia mafuta ni ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Na vipande vya tepu nilivikuta kwenye chujio la nozeli moja. Kwenye mafuta tumia gundi ya nyuzi isiyoyeyuka kwa petroli, na usikaze kwa hasira, nyuzi za aina hii ni za kuchongoka, zinapasua aluminiamu.

Sasa hivi iko hivi: kwenye regyuleta kuna tundu la geji, hapo nimetoa hozi fupi ya kama sentimita 40, ndani tefloni nje imesukwa waya wa chuma, na sensa nimeifunga kwenye bodi upande wa kushoto kwa klampu yenye mpira. Kushoto kwa sababu 1JZ tabo iko kulia kwa dereva. Hozi nilikandamiziwa ncha na mzee mmoja Igoma anayefanya za trekta na greda, shikamoo nyingi kwake, aliijaza presha mbele yangu kabla hajanikabidhi na alikataa katakata kunipa mpira wa kawaida. Ukipewa mpira soma ubavuni: 30R7 ni wa kabureta, mwisho wake 50 psi, wa injini ya nozeli ni 30R9. Na fundi akikuambia avute mpira wa petroli mpaka dashibodi kwa geji ya mshale, kataa, ndani ya kabini unaingia waya tu.

Waya: volti 5, siyo 12, na hasi inarudi kwenye kontroli boksi (kompyuta ya injini), usiibane kwenye bodi. Boksi langu siyo la Toyota ndo maana linaisoma, wenye boksi la kiwandani mtahitaji geji inayojitolea yenyewe hiyo volti 5.

Ubaya wa hii sensa ni soketi yake. Kikofia kililegea mwezi wa pili, vumbi likaingia, namba ikawa inakufa na kufufuka, nikakata nikaweka soketi ya gari la Japani kutoka kwa wauza mtumba, fundi rewaya akalehemu, haijasumbua tena.

Kazi yake imeifanya wiki ileile ya kubadilisha soketi. Barabara ya Usagara kwenda Kisesa asubuhi pamekuwa peupe, gia ya tatu, tabo 12, ilitakiwa isome 55, ikaanguka mpaka 47. Niliachia mguu palepale. Nikabadilisha pampu nikaweka ya lita 255 kwa saa, sasa inakaa 54 mpaka 55 haitoki. Kwenye lile duka nitarudi kununua sensa nyingine ya oili, ila fitingi zao sichukui, hizo naagiza Dar nikiwa nimeandika NPT kwa herufi kubwa.