Mafunzo ya kumwokoa aliyezidisha unga (heroini), Mombasa: somo zuri, dawa hatuna

Mimi naendesha tuktuk, stendi yetu iko Kisauni. Karibu nasi pana maskani ya watumiaji wa unga, na hakuna dereva pale ambaye hajawahi kusukumiwa teja aliyezima, akaambiwa "mkimbize Makadara", yaani hospitali. Kwa hiyo kituo kimoja kinachohudumia watumiaji wa unga kilipoita watu wa tuktuk, bodaboda na vibanda kwa mafunzo ya bure, nilijiandikisha. Ni ya asubuhi tu, chai na mahamri juu yao, nauli wanarudisha.

Muuguzi ndiye aliyetajwa kuwa mwalimu, lakini aliyetufunza hasa ni msaidizi wake, kijana aliyewahi kuishi maskani na sasa anakunywa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu aachane na unga. Alituuliza huwa tunafanya nini mtu akizima. Majibu yakamiminika: tunammwagia maji, tunamnywesha maziwa, tunamzaba makofi, tunamtembeza. Akatusikiliza hadi mwisho, kisha akasema maziwa kwa mtu asiyeweza kumeza yanaingia mapafuni. Unga hauui kwa sumu ya tumboni, unamsahaulisha mtu kupumua. Na ule mkoromo mzito unaotufanya tuseme "mwacheni alale" ndio wa kuogopa.

Dalili alizieleza kwa macho yetu sisi. Mboni zinakuwa ndogo mithili ya ncha ya sindano. Kwa ngozi nyeusi usingoje kuona midomo ya buluu: vuta mdomo wa chini utazame ndani, kisha kucha, kama zimepauka. Msugue katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Asiposhtuka, piga simu kuomba msaada, mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi moja kila sekunde 5.

Halafu naloksoni, dawa ya kuondoa nguvu ya unga ili mtu apumue tena, na hapo ndipo watu walipoamka. Kichupa ni cha kioo: unakizungushia kitambaa, unakivunja shingo kwa kusukuma mbali nawe, unavuta dawa kwa sindano, unadunga msuli wa paja au bega, hata juu ya nguo. Tulifanyia mazoezi kwenye machungwa. Mzee mmoja wa kibanda, mikono inamtetemeka, alivunja chake safi kuliko sisi vijana wote. Unasubiri dakika 2 au 3 huku ukiendelea kumpulizia pumzi. Asipoamka, unadunga tena. Akiamka, usimwachie aende zake. Dawa inaweza kuisha nguvu ndani ya nusu saa hadi saa moja na nusu, unga ukiwa bado mwilini, akazima upya. Na atakuamkia na arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, matusi juu. Yavumilie.

Mambo mawili sikuwa nayajua kabisa. Aliyechanganya unga na bugizi (vidonge vya usingizi) anaweza kuanza kupumua lakini asiamke, kwani naloksoni haigusi bugizi. La muhimu ni pumzi. La pili, wa kuangaliwa zaidi ni aliyetoka juzi gereza la Shimo la Tewa au kituo cha rihabu, maana mwili umeshasahau ile dozi ya zamani.

Kasoro: maandishi ya ukutani yote Kiingereza, na mdoli wa kufanyia mazoezi ya pumzi ni mmoja, foleni mpaka mlangoni. Hayo nayasamehe. Nisilolisamehe ni kwamba tulitoka mikono mitupu. Dawa inabaki kabatini kituoni, na kituo hufungwa saa kumi na moja jioni. Maskani kwetu huchangamka baada ya Isha. Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 2014 kwamba anayeweza kumkuta aliyezidisha afunzwe na aifikie dawa, na Marekani tangu 2023 ile ya kupuliza puani imeruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari. Sisi tumepewa fulana.

Kwa mafunzo, nyota tano. Kwa huduma nzima, tatu. Mkienda, waulizeni mapema stendi yenu itaachiwa vichupa vingapi na nani atavitunza usiku. Wengi tukiuliza, huenda kabati likafunguka.